Mawe Saba Nyuma ya Jiko la Bibi

Siku niliyojua kwa hakika kwamba baba wa bibi yangu alikuwa Myahudi, nilikuwa nimepiga magoti kwenye njia ya waenda kwa miguu katika mji mdogo wa Ujerumani, nasugua vibao vya shaba kwa leso huku nacheka peke yangu. Mzee mmoja mwenye mbwa alisimama akaniuliza kama aniitie gari la wagonjwa. Nikamwambia hapana, mimi mwenyewe ni muuguzi. Jibu gani hilo jamani, hata mimi sijui, lakini ndilo lililotoka. Mzee akaenda zake, kila hatua tatu anageuka kunitazama.

Nimeanza kwa haraka. Nikifurahi huwa hivyo, naanza kusimulia chakula wakati maji bado hayajachemka. Ngoja nirudi nyumbani kwanza.

Mimi ni mtu wa Bugarama, wilaya ya Ngara. Baba Mhangaza, ukoo mzima Wakatoliki, shule ya misheni, kipaimara, kila kitu. Bibi yangu mzaa mama anaishi Runazi, upande wa Biharamulo, na likizo zote za utoto wangu nilizimalizia huko nikipalilia mihogo na kulalamika. Mama yake Bibi alikuwa Msubi. Baba yake alikuwa mzungu. Huyo mzungu alikuja Biharamulo kabla ya vita kuu ya pili, na sanduku la nyundo ndogo na bisibisi nyembamba kama miiba. Alikuwa fundi saa. Alitengeneza saa za mapadri, mizani ya wanunuzi wa pamba, na redio ya bwana shauri, yule mkuu wa wilaya wa Kiingereza. Vita ilipoanza Waingereza walikuja wakamchukua, na baada ya miezi wakamrudisha, hakuna aliyejua kwa nini. Alifariki Bibi akiwa na miaka kama kumi. Kijijini alijulikana kwa jina moja tu, Mjerumani.

Nyuma ya jiko la Bibi kuna kaburi la huyo baba yake, tuta la udongo mtupu lisilo na chochote juu yake. Pembeni ya kaburi kuna jabali bapa, na juu ya jabali mawe saba madogo ya mtoni yamepangwa mstari mmoja. Aliyapanga mwenyewe huyo fundi saa enzi za uhai wake. Kwa Bibi ulikuwa huru kugusa chochote, hata sukari, mradi usiguse yale mawe. Kuku wakiyasambaza aliyarudisha moja moja, kila moja mahali pake. Mimi nikiwa darasa la pili nilichukua moja nikapasulia karanga. Nilipigwa kibao ambacho mpaka leo nikila karanga shavu linawasha.

Sababu yake niliijua baadaye, kutoka kwa mama. Mama alipokuwa msichana, ilihamia Runazi familia ya wafugaji kutoka Shinyanga. Baba wa ile familia alikuwa kijana mcheshi, mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi. Siku moja watu wamekaa kwa Bibi wanakunywa pombe ya ndizi baada ya kuvuna, huyu jirani akazunguka nyuma ya jiko, akayaona mawe, akarudi na swali. Akasema, "Kwetu mtu akipanga vijiwe namna hii anahesabu ng'ombe wake. Huyu Mjerumani hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Sasa alikuwa anahesabu nini?"

Watu wakacheka. Mmoja akajibu kwamba Mjerumani wa wakati wa vita atahesabu nini tena zaidi ya watu aliowaua. Wakacheka tena, wakaendelea na pombe yao. Basi. Utani wenyewe ulikuwa huo tu.

Lakini utani haukubaki pale. Ulienda mnadani, ukafika kisimani, ukaingia shuleni. Mwaka haukuisha kabla haujageuka habari kamili: Mjerumani aliua watu saba huko kwao akatoroka, na kila mmoja alimwekea jiwe. Mama aliulizwa na wenzake darasani kama damu ya muuaji inarithiwa. Alipigana na msichana mmoja mpaka wakaitwa wazazi. Jirani mwenyewe alishasahau alichosema, akaja kuwa mtani mkubwa wa Bibi, wanaombana chumvi na kutukanana kila asubuhi. Bibi hakusahau. Hakuyatupa mawe, na hakumwambia mtu yeyote anachowaza, akakaa na jambo hilo kama mwiba uliozama nyama ikafunga juu yake.

Miaka kumi na moja iliyopita nilipata kazi Ujerumani, nyumba ya kutunzia wazee. Nilikwenda Runazi kuaga. Bibi alinibariki, akanitemea mate kifuani kama anavyofanya, akanipa karanga za kukaanga nile njiani. Kisha akanishika mkono akanipeleka pembeni.

"Mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita, "huko unakokwenda ndiko kwao. Niulizie jambo moja. Uliza kama baba yangu aliua watu."

Nikasema, "Bibi, nitamuuliza nani?"

"Sijui. Wewe ndiye uliyesoma. Na jibu lake usinipigie simu. Liwe baya, liwe zuri, njoo uniambie kwa mdomo wako."

Nikaahidi. Sikuuliza. Niseme ukweli, niliogopa. Mwaka wa kwanza nilisingizia lugha, wa pili nikasingizia zamu, baadaye nikaacha hata kusingizia. Kila nikipiga simu Runazi, Bibi anauliza kama nakula, kama baridi inanitesa, halafu anakaa kimya kidogo. Ule ukimya naujua. Nami najifanya mtandao umekata. Mjukuu gani huyo.

Mlango ulifunguka kwa upande ambao sikuutazamia. Katika wodi yangu kulikuwa na mama mmoja wa miaka tisini, chumba cha kona. Si mzaliwa wa kule. Alihamia akiwa mtu mzima kutoka Ukraine, Kijerumani chake kibovu kuliko changu, na hilo ndilo lililotufanya tupatane. Alikuwa Myahudi. Mumewe amezikwa kwenye makaburi ya Kiyahudi ya mji niliokuwa nafanyia kazi, na mara moja kwa mwezi ilibidi mtu amsukume kwenye kiti cha magurudumu mpaka huko. Mwezi huo ikaangukia zamu yangu.

Tulifika saa nne asubuhi, jua zuri. Nikamsogeza mpaka kwenye kaburi. Nilitegemea atatoa maua. Akaingiza mkono mfukoni mwa koti akatoa jiwe dogo, akainama kwa taabu, akalipanga juu ya kaburi la mumewe kwenye mstari wa mawe mengine madogo. Nikatazama kaburi la pili. Mawe. La tatu, mawe. Makaburi yote yale, safu kwa safu, vijiwe vimepangwa kwa mkono, vingine vimeota ukungu.

Shavu likaniwasha. Sisemi uongo, lile shavu la karanga. Halafu nikaanza kucheka, makaburini, mbele ya mjane, nimevaa sare ya kazi.

Yule mama akageuka. "Kuna nini cha kuchekesha?"

"Nisamehe mama. Bibi yangu ana mawe haya haya. Afrika. Nyuma ya jiko."

"Nani aliyaweka?"

"Baba yake."

"Baba yake alitoka wapi?"

"Hapa. Ujerumani. Alikuja kwetu kabla ya vita."

Alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele. Nikamuuliza mawe yana maana gani, akasema hayana maana kubwa, ni kumjulisha marehemu kwamba umekuja, umemkumbuka. Nikamuuliza kama yanaweza kuwa ya kuhesabu. Akauliza kuhesabu nini. Nikajifanya narekebisha breki ya kiti. Akapiga mkono wa kiti, akasema, "Sukuma turudi. Una kazi ya kufanya, na mimi nikiwa na miaka hii sina muda wa kusubiri."

Basi nikajiona Myahudi tayari. Nikamuuliza njiani kama na mimi sasa ni mmoja wao. Akaniambia bila huruma kwamba kwa utaratibu wao ukoo hufuata mama, na kama mama yake bibi yako ni Mwafrika, basi pole, hapana. Kisha akaongeza kwamba Ijumaa nije kula kwa binti yake hata hivyo, nimekonda mno. Uyahudi wangu ulidumu dakika kumi, kutoka makaburini hadi kituo cha basi, na sijawahi kufurahia cheo kifupi namna ile.

Jioni hiyo hiyo nilimpigia mama Bugarama.

"Mama, nadhani baba yake Bibi alikuwa Myahudi."

"Myahudi yupi, wa Biblia?"

"Wa huko huko."

Nikasikia anavuta kiti. "Kwa hiyo Bikira Maria ni ndugu yetu."

"Mama, subiri kwanza."

"Ndiyo maana Bibi hali kitimoto."

"Bibi hali nyama ya nguruwe kwa sababu hana meno, Mama."

Hakunisikia. Alishafika mbali. Nikamwapisha kwamba asimwambie Bibi neno mpaka nipate uhakika, maana Bibi alitaka mdomo wangu, na maana kama nimekosea itakuwa ukatili. Akaapa. Kesho yake akasafiri Runazi kwa kisingizio cha kupeleka maharage, kwa sababu Bibi ana kifuniko cha saa ya mfukoni cha baba yake, kimechorwa maandishi. Nilihitaji picha yake. Nilipokea picha tisa. Tatu za kidole gumba cha mama, mbili za mbuzi, tatu za Bibi ametabasamu, na moja, Mungu ambariki, inasomeka: jina la ukoo, jina la mji, na neno moja la Kijerumani lenye maana ya mafundi saa.

Niliandika barua kwa ofisi ya mji huo. Niliiandika mara saba, yule mama wa chumba cha kona akisahihisha kwa Kijerumani chake kibovu na kuongeza makosa mapya. Wiki tatu nilikuwa siwezi kula vizuri. Kwa sababu tuseme kweli, mawe peke yake hayathibitishi kitu. Ningepata jibu kwamba alikuwa askari, ningefanyaje? Ningeendaje Runazi na mdomo huo?

Jibu likaja. Karani mmoja mwenye moyo mwema aliandika kwamba ndiyo, ilikuwapo familia hiyo, Wayahudi, mafundi saa wa vizazi vitatu, na kwamba mbele ya nyumba yao kuna kumbukumbu, nije nione. Hakueleza zaidi. Jumamosi nikapanda treni.

Nyumba siku hizi ni saluni. Mbele ya mlango, kwenye lami, vimezamishwa vibao vidogo vya shaba, upana wa kiganja. Vilikuwa na vumbi. Nikatoa leso nikapiga magoti. Cha kwanza, baba, amechukuliwa, ameuawa. Cha pili, mama, ameuawa. Dada, ameuawa. Mume wa dada. Watoto wao wawili, mdogo ana miaka minne. Vibao sita, na neno moja lile lile. Nikasugua cha saba. Jina la kwanza la fundi saa wetu, na chini yake: alikimbia, Tanganyika.

Alikimbia. Yaani hakuwa upande wa wauaji. Alikuwa anawakimbia. Nikaanza kucheka, machozi yakawa yanashuka humo humo, nawalilia watoto wale wawili huku nafurahi kwa ajili ya Bibi, sijui hata nilie kwanza au nicheke kwanza, na hapo ndipo alipotokea yule mzee na mbwa wake.

Nilikata tiketi wiki ile ile. Ilibidi, maana mama alishaanza kuvuja. Hakumwambia Bibi, lakini aliiambia jumuiya yote ya Bugarama kwamba ukoo wake unahusiana na Familia Takatifu, na habari zikipanda pikipiki Bugarama, siku mbili zimefika Runazi zimevaa nguo nyingine. Nilisafiri nimeshika mkoba kifuani. Ndege, basi mpaka Biharamulo mjini, halafu bodaboda. Njia nzima nimekuwa nikimsemesha dereva. Nilimweleza habari za vibao, za makaburi, za saa. Akauliza, "Sasa dada, huyo mzungu alikuwa na mashamba?" Nikamwambia hakuwa na kitu. Akasema, "Aa," akakaza mwendo.

Bibi alikuwa amekaa nje anachambua maharage, na mtani wake jirani, yule yule wa ng'ombe, sasa mzee wa mkongojo, yuko kwenye kigoda anamponda kwamba anachambua vibaya. Nikapiga magoti.

"Shikamoo Bibi. Shikamoo Babu."

"Marahaba," wakaitikia wote wawili. Bibi hakuuliza habari za safari. Aliweka ungo chini. "Umekuja na mdomo?"

"Nimekuja nao."

Jirani akataka kunyanyuka atupishe. Bibi akamwambia, "Kaa. Neno lilianzia kwako, lisikie linavyoishia." Mzee akakaa, hajui anatuhumiwa nini.

Nilikuwa nimejiandaa ndege nzima kusema kwa utaratibu. Yote yakanitoka kwa mkupuo. "Hakuua mtu, Bibi. Hata mmoja. Alikuwa Myahudi, anawakimbia wauaji. Waliouawa ni watu wake. Baba yake, mama yake, dada yake, shemeji, na watoto wa dada. Kwao wanapanga jiwe kumkumbuka aliyekufa, na hawa hawakuwa na makaburi, ndiyo maana aliwapanga hapa."

Bibi aligeuka akatazama upande wa jiko. Kisha akasema, "Ilikuja barua. Nilikuwa mdogo. Siku nzima hakugusa saa hata moja. Asubuhi yake akaenda mtoni peke yake, akarudi na mawe kwenye kofia." Akafuta macho kwa upindo wa khanga. "Hao uliowataja ni wangapi?"

"Sita."

"Mawe ni saba."

Katika furaha yangu yote sikuwahi kuyalinganisha. Miaka ya shule, miaka ya Ujerumani, tiketi ya ndege, na hesabu ya vidole vya mkono ikanishinda. Nikaanza kubabaika, labda shangazi mwingine, labda ofisi ilisahau mtu.

"Acha," Bibi akasema. "La saba niliweka mimi."

Akatueleza. Alimwona baba yake anapanga, akadhani ni mchezo, au ni kazi, naye akataka kumsaidia. Akaokota lake akaliweka mwisho wa mstari. Baba yake alipoliona akamtazama sana, akambeba begani, akalia, na jiwe akaliacha pale. "Sasa waliposema alikuwa anahesabu aliowaua," akasema, "mimi nikajua nimemsaidia kuhesabu. Nimekaa nalo hilo. Sikuwaambia hata watoto wangu."

Jirani alikuwa ameinamisha kichwa juu ya mkongojo. Akasema polepole, "Shemeji, ni mimi yule. Ni pombe ile. Mimi najua kuhesabu ng'ombe tu."

"Na ng'ombe wenyewe unawakosea," Bibi akasema, akaanza kucheka. Alicheka mpaka ungo ukamwagika maharage, kuku wakaja mbio, nami nikacheka, na mzee akaona usalama naye akacheka, kichekesho chenyewe hakuna anayekijua. Nilimwona Bibi kama msichana aliyeruhusiwa kutoka darasani.

Alipotulia akaniomba mkono. Tukazunguka nyuma ya jiko, yeye, mimi, na mzee na mkongojo wake. Bibi akainama juu ya jabali, akaruka mawe sita bila kuyagusa, akachukua la saba, dogo kuliko yote. Akalifuta kwa khanga. Hatua nne mpaka kwenye kaburi la baba yake, lile tuta ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliwekea hata jani, akaliweka juu, upande wa kichwani.

Katika Runazi hakuna aliyebaki wa kumzidi Bibi umri. Kila mtu anamwamkia yeye, na mimi kwa maisha yangu yote sikuwahi kusikia akimwamkia mtu. Alinyoosha mgongo, akarekebisha khanga begani.

"Shikamoo baba," akasema.

Tukasimama pale kidogo, sote watatu, kama watu wanaosubiri kuitikiwa.